Nota za Kufungia Bajia

Philister alishakula bajia tatu kabla hajatambua kwamba anakula juu ya kazi yake mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja kasorobo, naye alikuwa ametoka kwenye yadi ya makontena ambako alikuwa karani wa lango kwa miaka ishirini na miwili. Kama kawaida yake, alisimama kwa Dhahabu, muuza bajia wa Chaani, akafungiwa bajia za kunde, pilipili na ndimu juu, akaanza kuzitafuna huku akitembea. Bajia ya nne ilipotoka, chini yake ikaonekana mistari mitano iliyonyooka. Gazetini hakuna mistari mitano. Aliikung'uta karatasi, makombo yakamwagikia viatu, akasoma mwandiko ambao angeutambua hata gizani. Ulikuwa wino wake wa buluu, umeanza kulowa mafuta: *Upepo Usinizibe. Honi ya pili.*

Aligeuka akarudi kwa hatua ambazo waliomjua walizikwepa.

"Dhahabu, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kwani ina nini, mamangu? Ina mdudu?"

"Nakuuliza umeitoa wapi."

"Kwa Kai, yule wa mkokoteni anayeuza magazeti kwa kilo. Jumatatu aliniletea mabunda mawili." Dhahabu alifuta mikono kwenye leso, akaongeza kwa fahari ya mtu aliyepata bidhaa bora, "Na ni karatasi nzuri hizo, nzito, hazipitishi mafuta. Magazeti ya siku hizi ukiweka bajia mbili yashatoboka."

Philister alijua kuwa ni nzito. Yeye ndiye aliyezichagua dukani, kwa mshahara wake, kwa sababu karatasi nyepesi hupeperuka wakati bendi inapiga nje. Aliomba aone zilizobaki. Dhahabu akainama chini ya meza, akatoa bunda moja lililofungwa kamba ya katani, na Philister akapiga magoti palepale kwenye vumbi la Chaani, na sare yake ya kazi, akaanza kufunua.

Wimbo wa bendi ya matarumbeta hauandikwi kwenye karatasi moja. Kila mpigaji ana karatasi yake, na karatasi hiyo ina sauti yake peke yake. Tarumbeta la kwanza ndilo hubeba wimbo wenyewe, ule ambao watu huuimba. Honi, baritoni, tromboni na besi huujaza chini na katikati. Bendi ya kanisa lao la Changamwe ilikuwa na wapigaji kumi na saba, kwa hiyo mafaili yalikuwa kumi na saba, na ndani ya kila faili mlikuwa na nyimbo mia moja na kumi na mbili: nyimbo za arusi, chakacha, rumba ya zamani, nyimbo za redioni, zote zimesikilizwa kwa sikio la Philister na kupangwa kwa mkono wake kwa miaka kumi na tisa. Ukipoteza faili moja, hujapoteza wimbo mmoja, umezilemaza zote.

Kwenye bunda alikuta honi, baritoni, tromboni na besi. Matarumbeta hayakuwepo hata moja. Yalikuwa juu ya bunda la kwanza, na la kwanza ndilo lililoanza kufunga bajia. Chaani nzima ilikuwa imelamba pilipili juu ya tarumbeta la kwanza.

"Na daftari?" aliuliza. "Daftari kubwa, la jalada gumu jeusi?"

Humo ndimo sauti zote kumi na saba zilimokuwa pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Ukiwa na daftari, mafaili unaweza kuyaandika upya.

"Lile?" alisema Dhahabu. "Lile ndilo nililoanza nalo kabisa. Kurasa zake pana, zafunga viazi karai vizuri ajabu."

Philister alifumba macho. Dhahabu hakuwa na kosa, na hasira ya Philister, ingawa ilikuwa kubwa, ilikuwa na adabu ya kumtafuta mwenyewe. Alimpa ahadi ya magazeti ya wiki nzima kutoka ofisini, akajitwika bunda lake, na hakupanda gari. Alitembea hadi kanisani akiwa na lile bunda kichwani.

Kabati la bendi lilikuwa nyuma ya madhabahu, mahali pekee pakavu alipopajua. Nyumbani kwake Port Reitz mvua ikinyesha maji huingia bila hodi, ndiyo maana hata daftari alikuwa ameliweka huko. Alilikuta kabati limefagiliwa, limewekwa kitambaa cheupe na chupa ya maua ya plastiki. Mzee Elkana, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa palepale na Dancun, kiongozi wa bendi, wakipanga viti.

"Mzee Elkana, shikamoo," alisema Philister, kwa kuwa alilelewa. Kisha akaliangusha bunda sakafuni. "Hiki ni nini?"

Elkana alilitazama bunda, akatazama mafuta. "Dada Philister, tulikaa kama wazee tukaonelea nyumba ya Bwana itakaswe. Nyimbo za kidunia haziwezi kulala chumba kimoja na meza takatifu. Ulikuwa uamuzi wa kikao."

"Kikao kilinijulisha lini?"

"Ulikuwa zamu ya kazi."

"Miaka kumi na tisa niko zamu ya kazi. Haya mabati juu ya kichwa chako yalitoka wapi?"

"Bwana alitoa."

"Bwana alitoa kwenye arusi za Mtopanga na Likoni! Alitoa tulipopiga hizi mnazoziita za kidunia, juani, midomo ikichubuka! Siku ile mlipokula pilau ya arusi mbona hamkuuliza kama ni takatifu?"

Elkana akajikohoza kama mtu anayetafuta aya. Alikuwa mzee wa kukunja mikono ya shati mara mbili tu, sawasawa, na hakuzoea kupigiwa kelele. "Dhambi ni dhambi, dada. Hatukufanya kwa chuki."

"Kama ni dhambi, mbona hamkuzichoma? Dhambi huchomwa. Mngezichoma ningesema haya, wameziogopa, zina uzito. Nyinyi mmeziuza kwa kilo! Hata moto hamkuzipa!"

Neno hilo lilimtoka na mate. Alilifungua kabati, akachomoa zile karatasi chache walizoziacha. Hakuna mzee hata mmoja aliyejua kusoma nota, wala hawakumwita anayejua. Walichagua kwa kuangalia majina ya juu. Katikati ya tenzi alikuta karatasi moja akaipandisha hewani. "Na huu mmeubakiza. Someni. *Bwana Arusi Kaja.* Mliona Bwana mkadhani ni tenzi. Huu ni wa kumkatikia bwana arusi kiuno, wazee wangu!"

Dancun aliinamisha kichwa, na Philister akamgeukia. Yeye ndiye mpigaji wa tarumbeta la kwanza, mtu mzima wa miaka ishirini na saba aliyefundishwa nota na Philister tangu vidole vyake havijafika kwenye vitufe.

"Nani aliyeyatoa mafaili nje?"

"Mimi nilitumwa tu, Mama."

"Uliyabeba kwa mikono yako?"

"Kwa safari mbili." Kisha, kwa upole wa kutaka kumfariji, akasema neno ambalo Philister hatalisahau mpaka azikwe. "Nilifikiri utaandika mengine. Wewe huandika upesi."

Philister alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Mikesha mingapi ile, na mchana wa Jumapili, akirudia kipande kimoja cha kanda mara thelathini ili ajue kama ile sauti ya katikati inapanda au inashuka. Upesi!

"Hata picha za simu hamkupiga?"

"Ulitukataza," alisema Dancun.

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma kuliko mengine. Miaka minne iliyopita bendi moja ya ng'ambo ya maji ilipiga picha mpangilio wake ikaupiga kama wa kwao, na tangu siku hiyo akaapa kwamba karatasi yake haipigwi picha. Alifunga mlango dhidi ya mwizi wa nje, na wa ndani akamwachia ufunguo.

Alisimama. "Mzee Elkana, neno moja tu. Binti yako Vivian alipoolewa, ulikuja kwangu mwenyewe, na kofia mkononi, ukaniomba bendi impigie *Upepo Usinizibe*, pamoja na ubeti wa pili. Ubeti wa kumuaga binti. Nilikuona ulivyolia. Siku hiyo haukuwa wa kidunia?"

Elkana aliikunjua mikono ya shati, akaikunja tena. "Wimbo huo siukumbuki," alisema.

Alhamisi mchana, langoni, malori yakipiga foleni, simu ikalia. Alikuwa Israa wa Mtopanga, binti ya marehemu Bi Sheikha. Jumamosi alikuwa akimwoza mwanawe, na bendi ilikuwa imeshakubaliwa tangu mwezi wa Rajabu.

"Bi Philister, hujambo wangu? Nimepiga kukukumbusha lile langu. Huo *Upepo* nautaka na ubeti wake wa pili. Mamangu ndiye aliyekuimbia wewe, pale barazani petu, ukawa waandika naye acheka. Sasa yeye hayuko, Mungu amrehemu, na hapa nyumbani hakuna aujuaye. Sisi twajua ule wa vijembe tu. Wewe ndiwe ulobaki nao."

Philister alitazama karatasi ya honi iliyokuwa mezani, doa la mafuta likiwa limepita upande wa pili. Angeweza kusema ukweli. "Utaupata," alisema.

"Inshallah. Mimi nishakwambia, nikiusikia huo, ndipo nitakapojua mamangu kahudhuria."

Akakata simu, akachukua kalamu. Ubeti wa kwanza haukumpa taabu. Pwani nzima inaujua, ni wa majirani wanaogombana, na wapigaji huurudia barabarani mara kumi:

*Upepo usinizibe, dirisha langu napenda,*
*Hayo unayoringia, mwenzako nimeyatenda.*

Ubeti wa pili hugeuka. Ugomvi unakwisha, na mama anabaki peke yake na binti anayeondoka. Bi Sheikha alikuwa akiuimba kwa sauti nyingine, inayopanda pale ambapo ubeti wa kwanza hushuka, na njiani haupigwi, maana msafara haumsubiri mtu wa kulia. Mara ya mwisho bendi kuupiga ilikuwa arusi ya Vivian, miaka tisa iliyopita, na aliyepiga tarumbeta siku hiyo alishahamia Nakuru akaliuza tarumbeta lake. Philister aliyakumbuka maneno. Alikuwa nazo honi, tromboni na besi, kwa hiyo alijua wimbo unakanyaga wapi. Lakini sauti yenyewe, katikati, kwa mistari miwili, ilimponyoka. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Kila alichokiandika kilikuwa kizuri, na hakikuwa cha Bi Sheikha. Dereva mmoja wa lori aligonga dirisha mara tatu akitaka kupigiwa muhuri, akapata jibu lililomfanya arudi kwenye gari lake akangoje.

Ijumaa saa kumi aliwaita wapigaji wote uani kwa kanisa. Walikuja kumi na wanne. Wazee walikuwa barazani kwenye kikao chao, Elkana katikati na kitabu cha kumbukumbu, na akina mama wa kanisa walikuwa wakifagia. Philister aliwapanga wenye honi, tromboni na besi, akachukua baritoni yake mwenyewe, akawagawia karatasi zilizonuka bajia.

"Na sisi wa matarumbeta?" aliuliza Dancun.

"Nyinyi hamna karatasi. Kaeni msikilize mlichokiuza."

"Dada Philister," Elkana alisema kutoka barazani, "kikao kinaendelea."

"Na kiendelee, mzee. Uani hapa si madhabahuni."

Akahesabu. Besi wakaingia, honi wakafuata kwa pigo lao la katikati, tromboni wakavuta. Ilikuwa sauti ya ajabu, wimbo usio na wimbo, nguo iliyovaliwa na mtu asiyeonekana. Walipomaliza mzunguko wa kwanza, mama mmoja aliyekuwa akifagia aliacha kufagia. Walipoanza wa pili, akaanza kuimba, chinichini, halafu mwingine akampokea. *Upepo usinizibe.* Getini watu walisimama. Dhahabu alikuwa amekuja kuchukua magazeti yake, akaimba kwa sauti ya juu kuliko wote. Hata katibu wa kikao alikuwa akigonga meza kwa kidole. Waliimba vijembe vyote, wakichekana na kunyoosheana vidole, uani kwa kanisa lililotakaswa.

Philister hakucheka. Alipiga baritoni yake akiwatazama mmoja mmoja, na hasira ikazidi. Basi mnaujua nyote! Mlikuwa nao vifuani siku ile mkiinua mikono kupitisha uamuzi.

Kisha wakaingia ubeti wa pili, na waimbaji wakanyamaza. Hawakuujua. Besi na honi zikaendelea peke yake, zikibeba kitu ambacho hakikuwepo, na Philister akasubiri ile mistari miwili ipite kama shimo njiani.

Haikupita. Kutoka barazani ilitoka sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na mazoezi lakini yenye hakika.

*Nimelea kwa mikono, leo mwanangu aenda,*
*Mlango sitaufunga, na arudi akipenda.*

Elkana alikuwa amefumba macho. Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa kimefungika chenyewe juu ya kalamu. Aliimba pale sauti inapopanda, akapanda nayo. Ilipogeuka, akageuka, palepale alipogeukia Bi Sheikha. Hakujua kwamba wenzake wamenyamaza. Aliimba mpaka mwisho, na besi wa mwisho alipovuta pumzi yake, akafumbua macho akawaona watu wote wakimtazama, wa uani na wa getini.

"Vivian yuko Doha," alisema, kana kwamba kuna aliyemuuliza. "Mwaka wa sita huu. Ile sidii ya arusi nimeitazama mpaka imekwaruzika, haionyeshi tena."

Huruma ilimjia Philister, akaimeza. Angemhurumia mtu mwingine. Huyu aliuhitaji wimbo huu kuliko watu wote wa Changamwe, alilala nao na kuamka nao, na bado aliusimamia ukipimwa kwenye mizani.

"Ulisema huukumbuki."

"Dada Philister..."

"Ulinitazama machoni, ukasema huukumbuki."

Philister aliweka baritoni chini, akaburuta kiti mpaka barazani, akaketi mbele ya wazee bila kukaribishwa. Alichukua ile karatasi ya honi ya pili, akaigeuza upande wa nyuma ambako mafuta yaliacha nafasi, akachora mistari mitano kwa ukingo wa kitabu chao cha kumbukumbu.

"Imba tena," alisema. "Polepole."

"Hapa? Mbele ya kikao?"

"Uliuuza mbele ya kikao."

Mzee mmoja alisimama akasema labda waahirishe. Elkana aliimba. Alipofika mstari wa pili Philister akainua kalamu, akamwambia arudie; aliporudia, akamwambia bado; akamrudisha mara saba, na mara zote saba hakumpa maji wala hakumwambia asante. Akina mama walikuwa wameshaukariri, na Dancun alikuwa amesogea taratibu, tarumbeta mkononi, akijaribu vitufe bila kupuliza. Philister alimpa karatasi bila kumtazama.

"Ukiipoteza hii," alimwambia, "usinitafute."

Dancun akaupiga. Ulikuwa ndio wenyewe, nota kwa nota. Kesho Israa angesimama mlangoni kwake Mtopanga, na mamake angehudhuria.

Elkana alikuwa anafuta uso kwa kitambaa, amechoka, na usoni mwake palikuwa na nafuu ya mtu anayedhani deni la moyo limekwisha. Philister aliiona nafuu hiyo. Akaliinua bunda lililobaki, akaliweka mezani mbele yake, juu ya kitabu cha kumbukumbu, makombo ya bajia yakamwagika.

"Jumatatu saa kumi, mzee," alisema. "Zimebaki mia moja na kumi na moja. Na usije ukaniambia huzikumbuki."